Binti yangu wa miaka saba anadaka lugha kama redio: ni kipaji au ndivyo watoto walivyo?

Mangi_wa_Sakina

Wakuu salaam. Nina duka la rejareja hapa Sakina, Arusha. Sukari, unga, vocha, mafuta ya kupima, mambo ya kimangi yale yale. Nina binti yuko darasa la pili, hapa nitamwita Kadogo. Akitoka shule anashinda na mimi dukani mpaka mama yake arudi kazini. Nimeleta uzi huu kwa sababu kuna vitu naviona kwake ambavyo kaka zake wawili hawakuwa navyo, na sijui nivifanyeje.

Kuna mama wa Kimasai anatuletea maziwa kutoka Kisongo. Miaka yote namsalimia "Sopa", anaitika, tunapima maziwa, tumemalizana. Mwezi wa pili Kadogo akanivuta shati: "Baba, hiyo ni ya wanaume. Mwanamke anaambiwa *takwenya*, na yeye anajibu *iko*." Nani kakufundisha? Hakuna. Alikuwa anawasikiliza akina mama wakikutana pale nje kwenye benchi. Nimekaa Arusha miaka kumi na tisa, aisee, siku zote namwamkia mama wa watu kama namwamkia moran.

Kesho yake kaja na jingine, kwamba kwa Kimasai maziwa ni *kule*. Siku nzima anacheka peke yake: "Baba, kule iko wapi? Kule iko kule!" Wateja wanamshangaa.

Desemba tulikuwa Kirua kwa bibi yake, wiki mbili tu. Bibi Kiswahili anakijua, ila hakipendi. Tukiwa kwenye basi la kurudi, mtoto yuko dirishani, ananiambia: "Bibi anasema *mndu*, sisi tunasema mtu. Wakiwa wengi anasema *wandu*, sisi watu. Kwa hiyo bibi naye anabadilisha mwanzo wa neno." Kichaga nimezaliwa nacho, na hilo sijawahi kuliwaza hata siku moja.

Lakini linaloniumiza kichwa ni kosa. Anasema "vilo". Mteja akitaka kilo mbili za sukari, yeye ananipigia kelele toka kwenye kigoda chake: "Baba, vilo viwili!" Nimemrekebisha mpaka nimechoka. Anabisha. Kiti viti, kikombe vikombe, kitabu vitabu, sasa kilo ina nini?

Haya, shida yenyewe. Shule ni ingilishi midiamu, sitaitaja. Wana kibao cha mbao, mtoto akishikwa anaongea Kiswahili anavalishwa shingoni na anakaa nacho mpaka amnase mwenzake. Kadogo kakivaa siku tatu mfululizo, kisa alikuwa anamsimulia rafiki yake habari za takwenya. Hakumtaja mtu, kwa hiyo kikabaki kwake. Sasa hivi akirudi nyumbani yuko kimya. Mwalimu kasema lugha nyingi zinamchanganya, tumwongeleshe Kiingereza tu nyumbani, na mama yake anaelekea kukubali. Shemeji naye anasema ninunue tableti, kuna programu za Kifaransa na Kichina.

Nauliza: hiki ni kipaji au ni mimi tu nampenda mwanangu? Kweli lugha zinamchanganya? Na hiyo tableti ninunue? Matusi wekeni akiba.

Chizi_Mstaarabu

Mangi, nipimie vilo viwili nikupe hela taslimu. Usimvunje moyo mtoto.

Babu_Jongo

Mtoa mada usinune. Nenda Tunduma. Mtoto wa pale anaamka na Kinyamwanga, shuleni Kiswahili, jioni anavuka upande wa Nakonde kuuza karanga kwa Kibemba na kurudisha chenji ya kwacha. Hakuna aliyemfungulia uzi. Hilo ni eneo alilokulia tu, msiite kipaji. Ninyi wa mjini mmezoea watoto wa lugha moja na nusu, mkimwona wa tatu mnaanza kuita waandishi wa habari.

Mwalimu Nyerere kazaliwa 1922, nyumbani ni Kizanaki. Shule ya Mwisenge pale Musoma kaingia 1934, kibarobaro wa miaka kumi na miwili. Mtu huyo huyo ndiye aliyekuja kumfasiri Shakespeare kwa Kiswahili, tamthilia mbili nzima. Kuna shemeji alimnunulia tableti?

Mwache mtoto acheze.

Madam_Bonjour

Babu uko sahihi nusu, na hiyo nusu ni ya maana. Mtoto aliyekulia katikati ya lugha tatu akazisema zote tatu, hapo sioni cha ajabu, kama nisivyoshangaa mtoto wa Kilwa kujua kuogelea. Mimi naangalia *anavyozipata*.

Nafundisha Kifaransa mwaka wa kumi na nne huu. Kuna Mmarekani, John Carroll, yeye na mwenzake Sapon walitoa mtihani mwaka 1959 wa kubashiri nani atajifunza lugha ngeni haraka. Katika kazi zake aliugawa uwezo huo mafungu manne. La kwanza ni sikio, yaani kunasa sauti ngeni na kuishika. La pili ni kuhisi neno linafanya kazi gani ndani ya sentensi. La tatu ni kukariri maneno. La nne ni kuvumbua kanuni bila kuambiwa na mtu. Darasani kwangu wengi wana moja au mawili. Kuna wenye kumbukumbu ya ajabu, wanajaza daftari la msamiati, halafu sentensi haisimami. Wengine lafudhi yao utadhani wamezaliwa Lyon, na kitenzi hawakijui.

Sasa mchukue Kadogo. *Takwenya* ni sikio, na kingine ambacho mtihani ule hauwezi kukipima: alitazama nani anamwambia nani. *Mndu/wandu* ni fungu la pili na la nne kwa mkupuo. Na "vilo", Mangi, hapo mimi ningefunga duka nikanunua soda. Sisi wote tunaosema "kilo mbili" tumekariri. Yeye amekokotoa. Neno kitabu limetoka Kiarabu, na ile *ki* ya mwanzo ilikuwa mwili wa neno lenyewe, haikuwa kiambishi hata kidogo. Wazee wa pwani wakalisikia, wakaona linafanana na kiti, wakaanza kusema vitabu. Leo hakuna anayewacheka. Mwanao kaifanyia kilo kile kile ambacho wao walikifanyia kitabu, tofauti ni kwamba wao walikuwa wengi na yeye yuko peke yake kwenye kigoda.

Usiache kumrekebisha, ila usimkaripie. Mteja akisema kilo mbili, wewe rudia tu kwa sauti, "kilo mbili za sukari, haya." Atasikia. Akibisha, mpe ukweli: kilo imekuja juzi, bado haijajiunga na ukoo wa kiti.

Angalizo kwa wazazi wengine wanaosoma. Msimpime mtoto kwa wingi wa maneno. Nilikuwa na mwanafunzi aliyekaa muhula mzima bila kufungua mdomo, nikajua nimempoteza. Muhula wa pili akanyoosha kidole, sentensi ikatoka nzima, na kiunganishi katikati. Alikuwa anasikiliza. Kadogo ni mwongeaji, sawa, lakini wapo mabubu wa namna hii, na hao ndio tunaowakosa.

Mtu_wa_Shela_Malindi

Mie nitatoa ushahidi kwa sababu nlikuwa Kadogo.

Huku Malindi Waitaliano ni watu wa nyumbani. Walikuja na kile kituo chao cha kurushia setilaiti cha San Marco, pale Ngomeni, miaka ya 1960, utalii ukafuata nyuma. Mie nimezaliwa nakuta mji una piza kabla ya kuwa na taa barabarani. Nkiwa na miaka kumi nlikuwa nauza vikoi ufuoni na kuteta bei kwa Kitaliano, natania, najua matusi ya Roma na ya Milano. Kila mtu anambia we hodari, we utafika mbali. Wageni wanantunza kwa kuongea tu. Shule nikaiona yanchelewesha, nikaiacha darasa la saba.

Nimetimiza ishirini na tatu, hoteli moja yatafuta mtu wa mapokezi. Usaili nimeupita vizuri mpaka mzungu akacheka machozi. Akanipa karatasi, akasema andika barua fupi kwa mgeni. Nikaandika kama nsikiavyo. *Che cosa* nimeiandika "ke koza". Barua nzima Kitaliano kwa hati ya Kiswahili. Akaisoma, akaikunja, akanshukuru.

Nlikaa darasani miaka miwili na watoto wadogo kujifunza kusoma lugha nlioisema tangu utotoni. Leo nafanya kazi ya mapokezi, alhamdulillahi, lakini ile miaka imepotea. Kwa hivyo Mangi, mtoto akipenda maneno, mpe kalamu mapema. Ayaandike hayo ya bibi, ayaandike ya Kimasai. Na usimfanye kionyesho dukani, "hebu mwongeleshe mzungu huyu." Pesa ya sifa ni tamu, nawe utaipenda kabla yake.

Chizi_Mstaarabu

"Ke koza" hahaha. Mkuu pole lakini nimecheka mpaka konda kanitazama.

Mama_Kliniki

Mimi nataka kusema kuhusu hiyo tableti. Niko kliniki ya watoto, na jambo hili linakuja mezani kwetu kila wiki.

Mzazi anaingia anajivuna. Mtoto ana miaka mitatu, anaongea Kiingereza cha Marekani, anataja rangi zote, anahesabu mpaka mia, kajifunza mwenyewe kwenye katuni. Namwita mtoto kwa jina lake. Hageuki. Namuuliza, "Unataka maji?" Anajibu, "Unataka maji." Namnyooshea kidole ndege dirishani, anaangalia kidole. Mzazi anasema ni aibu tu, nyumbani anaongea sana. Nauliza anaongea na nani? Kimya.

Huyo haji kupongezwa, anahitaji kupimwa, na mapema. Tunaanza na masikio, kisha makuzi yake yote. Inaweza kuwa usonji, inaweza kuwa kusikia, pengine ni saa nane za skrini kwa siku na hakuna mtu wa kujibizana naye. Na ikiwa ni usonji, bado kupenda lugha kwake kunaweza kuwa kwa kweli kabisa, ila anahitaji msaada mwingine kwanza. Tofauti na Kadogo mnaiona wenyewe: huyu lugha anaitumia kuwafikia watu.

Kuna jaribio la Seattle lililotoka 2003, la mtafiti Patricia Kuhl na wenzake. Watoto wa Kimarekani wa miezi tisa waliletewa Mchina akae nao chini, awasomee, acheze nao, vipindi kumi na viwili. Masikio yao yakashika sauti za Kichina. Kundi lingine wakaonyeshwa Wachina hao hao, maneno hayo hayo, kwenye runinga. Hawakuambulia kitu. Ni vichanga hao, Kadogo ni mkubwa na kwenye skrini atapata mawili matatu. Lakini wewe una benchi la akina mama nje ya duka, bure. Hela ya tableti kaa nayo.

Na hili la kuchanganywa: lugha mbili au tatu hazimcheleweshi mtoto kusema wala hazimvurugi akili. Mtoto anayetia neno la Kichaga ndani ya Kiswahili anafanya kile kile unachofanya wewe ukisema "nimechaji simu". Ukiambiwa uache lugha ya nyumbani ili mtoto anyooke, uliza ushahidi uko wapi.

Mangi_wa_Sakina

Nimesoma yote, mama yake nimemsomea kwa sauti. Nilipofika kwa yule mtoto anayejibu "unataka maji" alikaa kimya sana, ana mpwa wake hivyo hivyo. Amempigia dada yake usiku huu huu.

Mtu wa Malindi umenichoma. Nimeshafanya mchezo huo. Kadogo alishapewa elfu mbili na mtalii mmoja na mimi nikasimulia kijiwe kizima.

Uvira_Nyarugusu_Kentucky

Ndugu zangu nimesoma, nataka niongeze la upande mwingine.

Mimi ni wa Uvira. Nimekulia kambi ya Nyarugusu, Kasulu, kisha Marekani. Nyumbani tulisema Kifuliiru na Kiswahili chetu cha Kongo, kambini nikaokota Kirundi na Kiswahili cha Tanzania, Kifaransa kidogo cha shule. Tulipofika hapa nilikuwa na miaka kumi na moja, na baada ya miezi minane mimi ndiye niliyekuwa mdomo wa familia. Barua za nyumba, simu za umeme, mikutano ya shule ya wadogo zangu. Wazazi wakasema Mungu katupa mkalimani.

Siku moja mama alikwenda hospitali, nikatolewa shuleni niende naye. Daktari akazungumza taratibu sana, ananiangalia mimi, si mama. Neno la ugonjwa nililijua. Lilikuwa kwenye kitabu cha sayansi. Mama ananiuliza, "Anasema nini?" Nikamwambia, "Anasema utarudi tena wiki ijayo." Nikabeba neno lile siku sita, nikila, nikienda shule, mpaka mjomba alipokuja nikamwambia yeye.

Baadaye nikajua huku sheria inakataza hospitali kumtegemea mtoto awe mkalimani, isipokuwa dharura, na mkalimani wanamleta wao bila malipo. Sisi hatukujua kuomba. Kwa hiyo wenye watoto wa namna hii, hasa mlioko ughaibuni: yako mambo ya kumwambia mtoto afasiri, kama bei ya nyanya au njia ya basi, na yako mengine usimtume hata kama hakuna mtu mwingine. Mama alipona. Mimi Kiingereza nilikichukia miaka mingi.

Babu_Jongo

Nimesoma hili nikaweka simu chini.

Binti_wa_Maskati

Pole sana ndugu wa Uvira.

Mie niko Muscat. Bibi yangu mzaliwa wa Unguja, walihamia huku miaka ya sabini kama wengi wa kwetu. Nna kijana wa miaka tisa, huyo ndiye hodari wa nyumba: Kiarabu, Kiingereza, na Kimalayalam kakichota kwa majirani wa Kerala hata muuza duka anamtania kwa methali zao. Sote tunamsifu. Nimemlipia madarasa, nimemnunulia vitabu.

Bibi akimsemesha Kiswahili, anafahamu kila neno, anamjibu kwa Kiarabu. Bibi Kiarabu chake ni cha sokoni. Wanakaa chumba kimoja, mmoja anasema hivi na mwengine vile, kila mmoja anampenda mwenzake na hawaongei. Siku ile nimemuuliza kwa nini humjibu bibi kwa lugha yake? Akanambia, "Kiswahili changu kibovu, bibi atacheka." Kumbe alipokuwa mdogo alikosea tukacheka sote, tukaona raha, yeye akaweka moyoni.

Mangi, usicheke "vilo" mbele za watu.

Kibanda_Namba_Tatu

Wengine mmeniuliza inboksi kazi za lugha Arusha zikoje, naona nijibu hapa. Mimi ni mkalimani wa mikutano. Ile mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilipokuwa Arusha, mpaka ilipofunga kazi 2015, Kiingereza, Kifaransa na Kinyarwanda vilikuwa vinapishana kutwa nzima. Leo kuna Jumuiya ya Afrika Mashariki na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, na tangu 2022 Kiswahili ni lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika.

Watu wanadhani mkalimani ni mtu wa lugha nyingi. Waliokuja kufanya majaribio wakiwa na lugha sita wengi wameanguka, na wanaanguka kwenye lugha yao ya kwanza. Kibandani, yaani kile chumba kidogo anamokaa mkalimani, unafasiri zaidi *kuelekea* lugha yako. Mzungumzaji anasema jambo kwa Kifaransa, na wewe ndani ya sekunde mbili unatakiwa utoe Kiswahili kilichonyooka, chenye msemo unaolingana, si "katika mwisho wa siku". Tunapokezana na mwenzako kila nusu saa hivi kwa sababu ubongo unachemka. Vijana wengi Kifaransa chao kizuri, Kiswahili chao ni cha vichwa vya habari. Walikulia shule za vibao vya mbao.

Kwa hiyo mama Kadogo akisema aongee Kiingereza tu nyumbani ili aje kufaidi kazi za lugha, mwambie anamkata mguu anaosimamia.

Babu_Jongo

Basi nakubali huyo mtoto ana kitu. Lakini mmezunguka wote na kile kibao hamjakigusa sawasawa. Mangi, utafanya nini? Mtoto amenyamaza.

Madam_Bonjour

Nenda shuleni, usiende na hasira. Usimvamie mwalimu wa darasa, yeye katumwa. Muone mwalimu mkuu, umpelekee mfano: mtoto huyu kagundua mwenyewe kwamba Kichaga na Kiswahili vinaunda wingi kwa njia moja, na kwa kusimulia mambo ya lugha kama hayo akavalishwa kibao. Uliza kama anaweza kusimulia hiyo hiyo mbele ya darasa, kwa Kiingereza. Wakikataa kukiondoa kibao, omba angalau mwanao asilazimishwe kumnasa mwenzake, maana hapo wanamfundisha kuogopa masikio ya watu, na sikio ndiyo mali yake.

Kiingereza atakipata, anakioga kutwa. Na msiwe na haraka ya lugha ya nne na ya tano. Kuna utafiti mkubwa wa 2018, watu karibu 670,000 walijibu maswali ya sarufi ya Kiingereza, na watafiti wakaona uwezo wa kushika sarufi haushuki utotoni kama tulivyozoea kuambiwa, unadumu mpaka miaka kumi na saba hivi. Babu kashatupa mfano wa Mwisenge. Kifaransa, Kiarabu na Kichina sasa vimo kwenye mtaala wa msingi kama masomo ya kuchagua pale shule ilipo na walimu, na Arusha kuna Alliance Française kama atakitaka. Kwanza muulize anataka kuongea na *nani*. Akikutajia mtu, huo ndio mwanzo. Akikutajia programu, subiri.

Kitu kimoja zaidi, haya ni maoni yangu tu: Kichaga kina toni, Kiswahili chetu kiliiacha. Mtoto anayesikia bibi akipandisha na kushusha silabi, siku akikutana na Kichina hatashtuka kama sisi.

Mangi_wa_Sakina

MREJESHO, wiki ya sita.

Tableti sijanunua. Nimenunua daftari la kurasa mia mbili, jalada gumu. Kadogo kaligawa kwa rula: Bibi, Kisongo, Shule, na sehemu ya nne kaiandika "Sijui bado". Huko anaweka maneno ya watu wanaopita ambayo hajajua ni ya wapi. Juzi kaandika la dereva mmoja wa lori, mpaka sasa hatujui ni Kinyaturu au Kiiraqw, kama kuna Mnyaturu humu anijuze inboksi.

Bibi nampigia Jumamosi na Jumatano, naweka simu kwenye mzani, nawaacha. Mwanzoni bibi alikuwa anampunguzia, anamchanganyia Kiswahili. Sasa hampunguzii. Wiki iliyopita mtoto alinisengenya kwa bibi kwa Kichaga nikiwa nimesimama pale pale, wakacheka wote wawili.

Shule nimekwenda. Mwalimu mkuu alinisikiliza, akasema kibao ni utaratibu wa bodi. Nikamwambia sawa, ila mwanangu hatamnasa mtu. Akatafakari, akakubali hilo. La kusimulia mbele ya darasa alisema ataangalia. Hajaangalia bado. Mama yake ndiye aliyesema mwakani tutafute shule nyingine, mimi sikumshawishi.

Yule mpwa amepelekwa kliniki, masikio yako sawa, ana miadi nyingine mwezi ujao. Mama_Kliniki ubarikiwe.

"Vilo" imeisha. Sijui lini. Ijumaa mteja kaagiza, Kadogo akasema "Kilo mbili, baba", kama kila mtu, akaendelea na daftari lake. Nikapima sukari nikiwa nimekosa kitu.

Halafu leo asubuhi mama wa maziwa kafika mapema. Nikamwahi: "Takwenya!" Akasimama, akanitazama juu mpaka chini, akaitika "Iko", akatua ndoo, akaniporomoshea maneno dakika nzima, anacheka, anauliza kitu, anasubiri jibu. Nikageuka kumwita Kadogo. Yuko shule.